Choo Kilichojengwa kwa Heshima

Mlandege,
Iringa.
Alhamisi, 13 Novemba 2025.

Mpendwa kaka yangu Liberatus,

Tumsifu Yesu Kristo. Kamwene, kaka. Habari za huko Mbalizi? Wifi Roza hajambo, na lile goti lake limepata nafuu? Viazi mmewahi kuvitoa kabla ya mvua? Huku mvua zimeanza wiki iliyopita, na mimi mwenyewe ni mzima. Ya wengine nitakueleza, ndiyo maana leo sikupiga simu. Unajua ninavyoongea na simu, mtaa mzima husikia, na hili si la mtaa.

Mjukuu wangu Faustina, mtoto wa Matilda wetu, amelazwa. Leo siku ya tisa. Mwanzo tuliambiwa ni tumbo la kawaida, tukapewa dawa tukarudi. Sasa wanasema homa ya matumbo. Matilda analala naye wodini, na mimba yake ya miezi saba. Nikipeleka uji, mtoto anageukia ukutani. Unamjua alivyo msemaji yule. Sasa hasemi, na ninaogopa, kaka, sikufichi.

Daktari aliniuliza tunakunywa maji ya wapi. Nikajibu kwa majivuno kabisa, ya kisima alichochimba marehemu mume wangu, hayana chumvi, hayachafui birika. Akauliza choo kiko wapi. Hapo nikaanza kupima kichwani.

Unakumbuka mwaka juzi mkwe wangu Vitus alipojenga nyumba yao kwenye kiwanja changu. Choo cha zamani kilikuwa kule chini, na njia yake ilipita mbele ya mlango wangu. Kila asubuhi tungekutana, yeye na kopo lake na mimi na langu, na kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani wakienda huko. Basi, Vitus, fundi wa watu, akachimba choo kipya kule juu, nyuma ya miparachichi, ili nisimwone akitoka wala asinione nikiingia. Nilimsifu kwa majirani wote. Lakini kule juu ni juu ya kisima, hatua kumi na nne. Nimezihesabu wiki hii. Wakati ule hakuna aliyehesabu.

Nilimgusia Matilda. Akasema Eliezeri, fundi mwenzake Vitus, alishakagua, akaona shimo liko sawa. Eliezeri ndiye aliyelichimba pamoja na Vitus, akalipiga plasta mwenyewe. Sasa huyo atasemaje? Ni kama kuniuliza mimi kama mboga yangu imezidi chumvi.

Nikatafuta mtu wa pembeni. Nimempata mama mmoja, Bi. Mbuke, Msukuma, wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao, yeye akasomea afya. Hajengi, hauzi saruji, hana fundi wa kumpendelea. Anakagua na kuandika alichokiona, basi. Alikuja Jumatatu. Alifunua mfuniko, akapima kwa utepe, akafuata mfereji wa maji ya kuogea mpaka unapoishia, halafu akamwaga chooni unga wa rangi ya kijani na ndoo nne za maji. Akaniagiza tusinywe maji ya kisima, niyateke kila asubuhi kwenye beseni jeupe na kuyaangalia.

Jumanne maji yalikuwa maji. Jana pia, nikaanza kumshukuru Mungu. Leo asubuhi yalikuwa ya kijani. Si sana, kama maji uliyooshea mchicha. Nilikaa chini palepale kwenye tope.

Matilda humchemshia mwanawe maji. Amekuwa akiniambia na mimi nichemshe, nikawa namcheka, nikisema hayo ni mambo ya shule. Akienda kazini, mimi nilikuwa namtekea Faustina maji mabichi kwa kata na kumwambia ya babu yako hayana ubaya. Kwa mkono wangu huu, kaka.

Sasa ombi langu. Vitus yuko Mafinga, anajenga, atarudi Jumamosi. Siwezi kusimama mbele ya mkwe wangu nikamtajia choo, mdomo hautafunguka. Wewe ndiye uliyepokea posa yake. Panda basi kesho, ukae naye, umwambie kisima kifungwe na choo kirudi chini. Tutakutana njiani, tutazoea. Barua hii nampa Nashoni wa basi la jioni akuletee mkononi.

Kaka, niliiacha hapo, sasa naendelea. Vitus amerudi leo hii, hakungoja Jumamosi. Amepitia wodini, akafika hapa hata mkoba hajautua, akaenda moja kwa moja kisimani, akateka. Nilikuwa dirishani nikiandika. Nilitoka mbio, hata kitenge kichwani sina, nikamwambia, "Baba, usinywe. Choo chetu kimo humo."

Kumbe alitaka kunawa miguu tu. Alitua ndoo. Hakunitazama usoni, alitazama chini, akasema, "Mama, nina wasiwasi tangu Pasaka. Kisima kikijaa na shimo linajaa. Eliezeri akaniambia ni mvua tu, sikutulia, nikamwambia Matilda achemshe. Wewe nilishindwa kukutamkia. Nikampigia mjomba Liberatus akuambie. Akasema nisihangaike, atakuja alizungumze kwa utaratibu."

Na ulikuja, kaka. Ulikuja mwezi wa nane kwenye harusi ya Aroni, ukalala kwangu siku tatu. Ulibeba katoni ya maji ya dukani, ukasema tumbo lako siku hizi ni la kizee, nami nikakutania mbele ya wageni. Hukusema neno. Faustina alikuwa amekaa kwenye magoti yako na kata ya maji mkononi.

Nilitaka kuichana barua hii. Nimeiacha yote, na ombi langu pale juu ulisome lilivyokuwa. Halina kazi tena. Mimi na Vitus tumeongea mchana huu, aibu ilitushika na tukaongea hivyohivyo. Kisima ameshakifunika kwa mbao na mawe. Bi. Mbuke atarudi Jumamosi kutuonyesha pa kuchimba, na Vitus mwenyewe ndiye aliyesema aje huyo, si Eliezeri.

Wewe njoo. Si kwa kusema na mtu. Njoo ukae kitandani kwa mtoto, jana usiku joto lilikuwa bado juu, na Matilda miguu imemvimba.

Nisalimie wifi Roza, Veneranda na watoto wake, na mzee Yakobo hapo jirani yenu. Mungu amponye Faustina kwanza, halafu atusamehe, mimi niliyemtekea na wewe uliyetazama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo nilivyokukasirikia,

Severina