Mbuzi wa Mwaka wa Thelathini na Nane

Burungu, 3 Machi 1957

Mwanangu Léopold,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Mimi mzima, ila goti la kushoto linataka kustaafu kabla yangu. Dada yako Généreuse mzima, ng'ombe saba wazima. Wewe je? Homa ya msituni imekuachia?

Habari si njema. Serikali imeufuta ushefu wetu sisi tuliotoka Rwanda. Sasa kilima chetu kiko chini ya Wahunde, wenye nchi. Nimeitoa ile karatasi ya mwaka 1938, tuliyopewa na mzungu aliyetuleta hapa, nikaiangalia juani kama mhuri bado unasomeka. Unasomeka. Lakini jana nilikutana na Barthélemy, ambaye malisho yetu yalikuwa ya baba yake, akaniuliza kwa upole: "Muzee Rutayisire, ile karatasi yako, ng'ombe inaweza kuikula?" Watu wakacheka. Mimi nami nilicheka, kisha nikarudi nyumbani nikashindwa kula. Mama yako amezikwa hapa. Nitakwenda wapi na miaka yangu sitini na minane?

Niandikie kitu cha kunituliza.

Mimi baba yako,
Rutayisire

Walikale, 24 Machi 1957

Baba mpendwa,

Pokea heshima zangu. Homa imeniachia, mvua ndiyo haitaki. Bado ni karani hapa machimboni.

Kuhusu kukutuliza: huku kwa Wanyanga nimeona desturi moja. Mgeni akitaka kulima haendi kwa mzungu. Huenda kwa mwenye ardhi na mbuzi na pombe ya ndizi, wakala pamoja, na tangu siku hiyo hakuna anayemwita mgeni. Nikawaza: je, kama mwaka ule wa 1938 ungemwacha mzungu na mhuri wake, ukaenda kwa baba yake Barthélemy na mbuzi? Kaa, nikusimulie ambavyo ingekuwa.

Mzee yule angekuonyesha kilima kwa fimbo yake mwenyewe. Généreuse angeolewa na Édouard, mwana wa Barthélemy, yule uliyemfukuza uani ukisema wenye karatasi ya serikali hawaozi binti zao kwa wapanda maharagwe. Ungekuwa na wajukuu wanne wanaokuchokoza kwa Kihunde na kukuomba maziwa kwa Kinyarwanda. Majirani wasingesusa maziwa yetu, Mama asingeyabeba hadi soko la Sake, asingelowa na mvua ile, asingeugua kifua. Sasa hivi angekuwa anakugombeza kuhusu hilo goti. Na ushefu ufutwe au usifutwe, wewe ungeendelea kukamua tu.

Ni hadithi tu, Baba. Lakini nilipoimaliza nililia, kisha nikajisikia nafuu.

Mtoto wako,
Léopold

Burungu, 21 Aprili 1957, Pasaka

Mwanangu,

Kristo amefufuka, goti bado. Tuko wazima wote, nawe tunakuombea vivyo hivyo.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Généreuse aliposoma hadi pale pa Édouard alitoka nje, akakaa na ng'ombe hadi mvua ikamrudisha. Ana miaka thelathini na mitatu. Nilimkosea, nami sikuwahi kulisema hadi leo.

Kwetu ukimpa mtu ng'ombe, urafiki wenu hauvunjiki tena, hata watoto wake wataapa kwa jina lako. Mbuzi naye si ni mdogo wake ng'ombe? Basi hayo uliyoyaandika yanatengenezeka. Jumapili ya Pentekoste nitampelekea Barthélemy mbuzi, mbele ya wazee, nimwambie: huyu ni wa mwaka wa thelathini na nane, samahani, amechelewa njiani. Atacheka. Barthélemy anapenda kucheka.

Mimi baba yako,
Rutayisire

Walikale, 12 Mei 1957

Baba,

Leo nisamehe, sina salamu ndefu. Usipeleke mbuzi!

Nilikuandikia nusu ya jambo, ile nusu tamu. Barua yako ilipofika nilimwuliza Michel, mwenzangu wa kazi, mzaliwa wa hapa. Akaniambia: "Ukileta mbuzi, njo kusema unajua mwenye udongo. Siku anautaka, anautwaa." Baba, kwetu zawadi hufanya watu wawili kuwa sawa. Kwao, na kwa Wahunde vilevile, mbuzi huyo ni ungamo kwamba ardhi si yako. Ukimtoa mbele ya wazee, umeichana karatasi yako kwa mikono yako mwenyewe.

Mvua imekata barabara upande wa Hombo na malori yamelala pale. Lakini dereva ameniapia kwamba hii itafika kabla ya Pentekoste. Kaa kimya, Baba, nakuomba. Ile ilikuwa hadithi.

Mtoto wako,
Léopold

Burungu, 16 Juni 1957

Mwanangu,

Tuko wazima, tena sana! Jibu lako sijalipata, labda limechelewa njiani.

Nilikwenda. Nilimchagua beberu mweusi, Généreuse akabeba mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nilisema maneno yangu ya thelathini na nane nikingoja kicheko. Barthélemy hakucheka. Alivua kofia, akasimama hivyo, machozi yakimtoka. Akasema: "Baba yangu alikufa anangojea hii mbuzi." Tulikula, tukanywa, akanishika mkono mbele ya wote. Karani wa tribinali, mahakama ya wenyeji, aliyekuwepo akaandika yote katika kitabu, nami nikatia sahihi. Sasa nina karatasi mbili!

Furahi pamoja nami. Wazo lilikuwa lako.

Mimi baba yako,
Rutayisire

Burungu, 1 Septemba 1957

Mwanangu,

Kwa mwili tuko wazima. Natumaini nawe hujambo.

Barua yako ya Mei ilifika Agosti, imelowa, siku mbili baada ya kesi ya malisho aliyoifungua Barthélemy. Niliisoma yote.

Kule tribinali waliuliza kilima ni cha nani. Karani akafungua kitabu, akasoma maneno yangu na sahihi yangu. Ile karatasi ya mzungu hata hawakuikunjua. Barthélemy hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema: "Muzee, ungekuya mwaka ile, baba angekupa milima mbili. Sasa niko na batoto saba, na bazungu ba plantation balitwaa nusu. Mbuzi ilifika, lakini udongo umeisha." Ana haki, Léopold. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Malisho wamepewa Édouard na mke wake Pétronille. Édouard alipokuja kupima alikwepa macho ya Généreuse, naye Généreuse akampa maji ya kunywa. Barthélemy ameahidi kutoligusa kaburi la mama yako, nami namwamini. Ng'ombe tunawauza Sake mmoja mmoja, kwa kuwa hawana pa kula.

Usijilaumu. Kwa miezi mitatu ulinipa wajukuu wanne, na mimi mzee mjinga nilikuwa nimekwisha kuwachagulia majina. Lakini mambo ya nyuma usiniandikie tena.

Rwanda ndugu zangu wamekwisha kugawana shamba letu, na hapa muda wetu ni mpaka maharagwe yavunwe. Généreuse ananiuliza tutaelekea upande gani ili ajue afunge nini, nami namwambia afunge tu. Barua yako usiitume Burungu. Nikipata mahali nitakuandikia, lakini usiingojee sana.

Mimi baba yako,
Rutayisire