Kompyuta Uliyotuletea na Sauti za Mama

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimepoa na usingizi umerudi. Nasikia huko baridi bado haijaondoka. Vaa soksi, wewe si kijana tena. Sisi hatujambo. Goti langu huuma linapotaka lenyewe, na shemeji yako anakoroma kama kawaida yake.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu hiyo kompyuta uliyotuletea sitaki hata kuiona leo. Nisome hadi mwisho kabla hujanipigia simu.

Ulinieleza kwamba jambo lenyewe ni jepesi: folda ni kama jalada, na faili ni kama karatasi iliyomo ndani yake. Nimelitunza kabati la ofisi ya walimu mpaka siku niliyostaafu, na hakuna aliyewahi kuja kwangu kutafuta karatasi akaikosa. Lakini kabati lile lilikuwa na adabu. Ukiweka kitu kwenye droo ya pili, unakikuta kwenye droo ya pili. Humu, picha nikiihifadhi inakwenda inakotaka, kisha inajiita kwa tarakimu kama mfungwa.

Shemeji yako naye anachochea kuni. Kila anachohifadhi anakiita "Mpya". Kinachofuata anakiita "Mpya mwisho", halafu "Mpya mwisho kabisa". Nilifungua folda iitwayo "Folda mpya", nikakuta ndani yake "Folda mpya" nyingine, na ndani ya hiyo nyingine tena, na ile ya mwisho ilikuwa tupu! Nilipomuuliza, akanijibu, "Mwalimu, niachie vyangu, navijua mwenyewe." Wiki iliyofuata alisaka majibu yake ya hospitali humo asubuhi nzima, hadi daktari akafunga mlango.

Basi nikaamua kufagia. Nikatengeneza folda ya picha, ya barua, ya hospitali na ya mambo ya nyumba, nikavipa vitu majina ambayo mtu mwenye akili zake anaweza kuyaelewa. Kwa mara ya kwanza nikaanza kuipenda mashine yenyewe.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Unazijua sauti za Mama, zile alizozirekodi shemeji yako kwenye simu wakati wa ugonjwa, ambazo umekuwa ukiniomba kwa kuwa hukuwahi kuja kumzika. Simu ile ilishakufa, kwa hiyo zilibaki kwenye kompyuta peke yake. Uliniambia nizitolee nakala kwanza. Mimi nikaona nakala ni uchafu. Kitu kimoja, mahali pamoja.

Katika kufagia huko nikaiona folda "Mama" mara mbili. Moja ilikuwa ndani, pamoja na mafaili mengine. Moja ilikuwa nje, kwenye uso wa kompyuta, pale unapopaona ukiiwasha tu. Nikafungua hii, nikafungua ile, yaliyomo ni yale yale. Nikaudhika. Nikaibakiza ya nje kwa sababu iko karibu na mkono, nikaifuta ya ndani. Kikapu cha taka nacho kilikuwa kimejaa, nikakimwaga. Unajua tulivyolelewa: taka hazilali ndani ya nyumba. Mama angekuinua kitandani ukazimwage.

Jioni nikataka kumsikia kidogo. Nikabofya. Kompyuta ikaniambia haioni kitu.

Nilimwita fundi wa kompyuta wa mtaa wa nyuma, yule wanayemwita Subiri kwa kuwa hana neno lingine. Alitazama, akaanza kucheka, kisha akauona uso wangu, akaacha.

"Mwalimu, hii ya nje haikuwa folda. Ni kibao tu cha kuonyesha njia ya nyumbani."

"Na nyumba iko wapi?"

"Nyumba umeibomoa."

"Na kifusi?"

"Kifusi nacho umekizoa."

Aliyekisimamisha kibao hicho ni shemeji yako, ili asipotee, wala hakunitajia. Lakini badala ya kunyamaza akapata la kusema: "Zingekuwa kwangu, kwenye Mpya mwisho kabisa, saa hizi tungekuwa tunamsikiliza."

Subiri alieleza kwamba kinachofutwa hakiondoki papo hapo. Kinabaki pale pale hadi kitu kipya kije kukikalia. Bahati mbaya, mimi nilikuwa nimeendelea kupanga na kuhifadhi mchana kutwa. Aliichukua mashine, akakaa nayo hadi nikachoka kuambiwa subiri. Aliporudi alikuwa na sauti moja tu iliyo nzima. Zilizobaki zinakwaruza, husikii neno. Kile kisa cha siku uliyozaliwa hakipo. Dua aliyotuombea sote haipo. Ukinikasirikia, una haki, wala sitajitetea.

Hiyo moja nimekuwekea kwenye flashi iliyomo ndani ya bahasha. Nakala nyingine iko kwa Subiri, nyingine kwa shangazi, nyingine kwenye simu ya shemeji yako, chini ya jina "Mpya", nami nimemwacha.

Si ile ambayo ningekuchagulia. Mama anamgombeza shemeji yako amwondolee simu puani. Kisha anauliza kama umepiga. Unanisikia mimi nikijibu, kwa ukali, kwamba hujapiga, na kwamba hii ni siku ya ngapi. Naye anasema, taratibu, "Mwacheni mwanangu. Atakuwa kazini." Baada ya hapo ni pumzi zake tu, mpaka simu inazimwa. Usiizime kabla ya hapo.

Wasalimie mkeo na watoto wote, hasa yule kitindamimba mwenye maswali. Shangazi anakusalimu, na shemeji yako pia, ingawa leo sijamwomba. Mungu akulinde huko uliko, akupe riziki ya halali, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Ni mimi nikupendaye,
Dada yako mkubwa.