Kibao cha Baba

Bagamoyo

Kaka Feisal,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Natumai joto la Maskati halijakumaliza, na wifi Adila na watoto hawajambo. Huku sisi wazima. Mama goti linamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa.

Barua hii nimempa Bi Samia, jirani yetu, anayesafiri kuja huko. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kujificha.

Kaka, zahanati yetu ya taasisi imenitia kinyaa, hata sare yangu ya ukunga naivaa shingo upande. Unajua inaendeshwa kwa sadaka zenu mlio nje. Katibu, Bwana Mbaruku, ameona watu hutoa zaidi wakisoma jina la marehemu wao. Basi anayechangia kitanda cha kuzalia hutumiwa picha ya kitanda chenye kibao: sadaka jariya kwa fulani bin fulani. Lakini kitanda ni kimoja! Kibao kinakazwa kwa skrubu mbili, picha inapigwa, kinafunguliwa, kinawekwa cha mwingine. Siku moja nilihesabu marehemu watano kabla ya adhuhuri. Nilipomuuliza, alinijibu bila haya kwamba thawabu hufuata nia, na nia ya mtoaji haijaguswa. Kisha akaenda zake kuswali.

Jumatatu walikuja wajawazito wawili, wote uchungu umewakolea. Mmoja alipata kitanda. Mina wa Mbegani nilimzalisha sakafuni, kwenye mkeka. Katikati ya maumivu aliniuliza vile vitanda vilivyotangazwa msikitini viko wapi. Nikamwambia asukume. Alivuja damu nyingi, tukamkimbiza hospitali ya wilaya. Yeye na mtoto wamepona, alhamdulillahi.

Sasa lile lililonikalisha kuandika. Picha uliyoitundika sebuleni, yenye jina la baba, niliipiga mimi. Skrubu nilizikaza mimi, na nikazifungua kabla sijakutumia. Niliogopa kufukuzwa kazi. Ulipolia kwenye simu ukimwombea baba, niliitikia amin. Nisamehe, kaka.

Kibao chenyewe nimekiiba stoo, Bi Samia atakukabidhi kikiwa kwenye kanga. Kigeuze. Nyuma wameandika Ashatu binti Mwinyijuma. Watafute wanawe hukohuko, maana nao wana picha sebuleni.

Mama hajui bado, nitamwambia mwenyewe. Wasalimie wote nyumbani.

Mdogo wako,
Hafidha Pazi