Yale Maombi ya Kizungu

Kwa Mzee Sumari,
Moshono,
Arusha.
Jumatano, 18 Juni 2025

Mpendwa Mama mdogo Eunike,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Vipi mgongo wako, na zamu za wodini zimepungua kidogo? Baba mdogo Philemoni hajambo? Na Eliya, ameshaanza kutembea au bado anaburuta makalio kama kwenye ile video? Sisi wote ni wazima. Mlima hatujauona wiki nzima kwa ukungu, na mama anavaa sweta mbili hata akiwa jikoni.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu ni ya mama, na mama akiongea nawe anaweka sauti ya nje, nyumba nzima inasikia. Hili nililonalo siwezi kulisema likasikika. Hata kuliandika, hii ni karatasi ya tatu.

Unajua mwaka huu niko kipaimara. Mchungaji Abdiel aliamua wanakipaimara tusiishie darasani. Kila Jumamosi tunatoka wawili wawili, tunapeleka kapu la huduma kwa wazee na wagonjwa wa usharika. Ndani kuna sukari, sabuni, unga, na wakati mwingine mayai au ndizi za sadaka zilizobaki kwenye mnada wa kanisani Jumapili. Kubeba kapu si shida. Shida ni kwamba ukishalikabidhi lazima umwombee mwenye nyumba, kwa sauti, kwa maneno yako mwenyewe.

Mama mdogo, unanijua. Mimi ndiye niliyejifungia chooni siku ya sendofu yako, ulipoagwa kwenda kuolewa, ili nisikukabidhi maua.

Nilipangwa na Hans, mtoto wa Mzee Lengai, twende kwa Bibi Elinipa, juu kule kwenye migomba. Magoti yanamsumbua, hatoki nje. Mara mbili za kwanza Hans aliomba. Mara ya tatu akasema kwa makusudi, bibi akisikia, "Leo ni zamu ya dada Nice." Bibi akafumba macho, akaweka mikono juu ya magoti yake. Na mimi nikafumba. Hakuna neno lililokuja. Nikawa nasikia kuku wanakwaruza nje, na bibi anapumua, ananisubiri. Halafu mdomo wangu ukaanza wenyewe, kwa Kiingereza, na kilichotoka kilikuwa Baiolojia. Zilikuwa notisi za mtihani tuliofanya jana yake: jinsi jani linavyopokea mwanga wa jua, linavyovuta maji na hewa, linavyotengeneza chakula. Nilikwenda mpaka mwisho wa ukurasa, nikasema amina. Bibi akaitikia "Amina!" kwa nguvu, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Njiani Hans alikaa kwenye ukingo wa mfereji akicheka mpaka akashika tumbo.

"Umemwombea bibi wa watu awe mgomba!"

"Hans, usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Nani ataniamini?"

Nilidhani ni aibu ya siku moja. Lakini bibi alilala vizuri usiku ule, mara ya kwanza tangu Krismasi, na kila aliyepita njiani alimwita amweleze. "Kale kabinti ka kapu kanaomba Kizungu, na Mungu anakasikia." Jumamosi iliyofuata tulikuta watu wanne wanatungoja. Mmoja alikuwa na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Nikasema mzunguko wa damu. Ng'ombe akazaa.

Hapa ndipo penye dhambi yangu, na sitaki uninusuru kwa kusema nilikuwa mwoga tu. Mwanzoni ulikuwa woga. Baadaye nilipenda. Hakuna mtu aliyewahi kunyamaza ili anisikilize mimi. Kwa Kiswahili kila neno linanirudia usoni, naona kila mtu analipima. Kwa Kiingereza nilikuwa kama niko nyuma ya pazia.

Mwezi wa tano akaja Mama Jackline, jirani wa Bibi Elinipa. Jackline ana miaka minne. Alianguka, goti likavimba, na zahanati walimpa dawa, wakamwandikia aende hospitali apigwe picha. Mama yake akaikunja ile karatasi, akaniletea mtoto. Niliposema maneno yangu, uvimbe ulipungua siku mbili tatu. Wewe ni muuguzi, najua unaposoma hapa unasema ni zile dawa. Na mimi nilijua. Lakini yeye alishaamua ni mimi.

Jumamosi iliyofuata mguu ulikuwa umevimba kuliko mwanzo, na mtoto alichemka hata ukimkaribia tu unasikia joto lake. Nikajikaza. Nikaomba kwa Kiswahili, Mama mdogo, kwa sauti, mbele ya watu! Nilisema, "Mungu, tunaomba Jackline apelekwe hospitali leo." Sauti ilitetemeka lakini ilitoka. Mama Jackline alinisubiri nimalize, akasema taratibu, "Hayo ya Kiswahili tunayo wenyewe, mwanangu. Mwombee yale."

Nikasema yale. Jackline alikuwa ameshika kidole changu.

Jumatatu, baada ya shule, nilipanda peke yangu nikamwambia Mama Jackline ukweli wote: kwamba mimi si mwombaji, kwamba yale ni masomo ya darasani, kwamba hakuna hata jina la Mungu ndani yake. Alinisikiliza huku akimenya ndizi. Kisha akafuta mikono, akanishika mashavu, akaniambia, "Watumishi wa kweli ndivyo walivyo. Hawajisifu." Nilipompeleka Hans athibitishe, alimfukuza. "Wewe toka hapa na wivu wako!"

Nikaenda kwa Mwinjilisti Sifaeli, anayeongoza huduma. Huyu niliamini atanigombeza, na nilitaka anigombeze. Akacheka kwa upole. "Hata Musa alisema hajui kuongea, Nice." Nikamwambia, "Mwinjilisti, ni Baiolojia." Akasema, "Roho hutumia chochote. Wewe endelea." Akaniandika kwenye ratiba ya Jumapili ya vijana, niombe madhabahuni.

Mama nyumbani sijamwambia. Tangu asikie, ananiangalia kana kwamba nimekuwa mrefu. Nikianza kusema, nauona uso wake ulivyo, naacha.

Juzi mguu ukapasuka wenyewe, usaha ukatoka. Mwinjilisti ndiye aliyewabeba kwa gari la usharika mpaka hospitali. Daktari amesema mfupa umeshaingiliwa, lazima wafungue wausafishe kesho asubuhi, na wakichelewa wanaweza kuupoteza mguu wote, au zaidi ya mguu. Wanachosubiri ni saini ya mama yake. Na Mama Jackline hatii saini. Anaogopa wataukata. Amewaambia manesi, amemwambia daktari, na leo mchana amemtuma Mwinjilisti hapa nyumbani: atasaini Nice akishamwombea mtoto, kwa maneno yale yale.

Unaona nilipofika? Nikisema ukweli kesho, hatausikia, na kalamu hataigusa. Nikiudanganya moyo wake mara moja tena, mtoto atatibiwa. Na akipona, nitakuwa mtumishi maisha yangu yote. Asipopona, sijui nitakuwa nani.

Mama amenipigia pasi gauni la kwaya. Liko mlangoni, limetundikwa, na kila anayepita analigusa. Baba amesema ataomba ruhusa kazini anisindikize.

Mchana huu wote nimejaribu kuandika sala ya kweli kwa Kiingereza, ili angalau kesho nisiseme majani. Nimeshindwa. Kila nikianza inakuwa barua rasmi ya kuomba kazi, kama tulivyofundishwa: namtaarifu Mungu kwamba ninaandika kuhusu nafasi iliyotajwa hapo juu. Miaka yote hii nimefundishwa kueleza na kujibu maswali kwa lugha ile, na hakuna aliyenifundisha kulia kwayo. Nimezichana karatasi, nimezitia jikoni kwenye moto.

Kwa hiyo kesho nitasimama pale kitandani, nitamshika Jackline mkono, nitasema chochote kitakachokuja mdomoni. Nitasema kwa sauti, kama wanavyotaka. Sitafumba macho. Nitakuwa naiangalia kalamu tu, na sitasema amina mpaka nione Mama Jackline ameishika.

Barua hii itakapokufikia huko Songea, madaktari watakuwa wameshamaliza, vizuri au vibaya. Ndiyo maana sikuombi ushauri, wala usimpigie mama. Nilitaka awepo mtu mmoja tu duniani anayejua nilichokuwa nasema, na akiambiwa anaamini.

Nisalimie Baba mdogo Philemoni, mwambie kahawa mwaka huu imezaa vizuri kwa babu. Mbusu Eliya kwenye lile shavu lenye kibonyeo. Msalimie na Shangazi Evaresta ukimwona sokoni. Huku mama, baba na babu wanakusalimu sana, ingawa hawajui kwamba nakuandikia.

Mungu awatunze nyote, awape usingizi na afya. Na kesho asubuhi amwangalie Jackline peke yake, mimi anipite kidogo.

Mimi mwanao, ninayekupenda kuliko ninavyoweza kusema kwa sauti,

Nice