Muniulize Minye Kwanza

Likasi, kambi ya Panda, mwanzo wa mvua

Mpendwa mama mkwe,

Mjukuu wako wa tatu amezaliwa. Ni msichana, ana afya, na nywele zimemshuka mpaka shingoni. Naanza na habari hiyo kwa sababu najua ungeitaka kabla ya salamu. Petro mwanao ni mzima na bado anafanya kazi. Yosefu anakuulizia kila siku. Kalenga, ambaye alikuwa hajaanza kutembea ulipoondoka, sasa anakimbia uani na kuangusha sufuria za majirani.

Tangu ulipopanda garimoshi kwenda kaskazini kumzika kaka yako, njia imefungwa nyuma yako. Nilipopeleka barua posta, karani wa dirishani aliitazama anwani akanirudishia, bila ukali. "Mama, kule ni inchi ingine sasa," aliniambia. Kwa hiyo hii naiandika bila kujua itapita wapi, na bila kujua kama uko salama. Naiandika hata hivyo, kwa sababu sikukushukuru vizuri ulipokuwa hapa, na kuzaa mara ya tatu kumenionyesha ukubwa wa ulichonifanyia nilipozaa mara ya pili.

Uchungu wa Yosefu unaukumbuka. Ulikuja kwa adabu. Ulianzia mbele, chini ya kitovu, ukalikaza tumbo kama mtu anayekamua nguo aliyoifua, kisha ukaachia. Ulipoachia, uliachia kabisa, katikati nilikunywa uji, nawe ukanicheka, "Huyu iko na uchungu ao iko na njaa?" Tulikuwa hospitali ya akina mama, kabla ya mambo haya ya vita. Mtawa mkunga aliniambia nivute pumzi, nikavuta. Aliniambia nisukume, nikasukuma. Nilirudi nyumbani nikiwa kama mtu aliyefaulu mtihani. Unajua tabia yangu: nilikaa mezani nikaandika katika shajara jinsi uchungu unavyokuja na unavyokwenda, nikaupigia mstari chini. Uliniangalia ukiwa umembeba mtoto.

"Andika tu," ulisema. "Lakini mutoto wa pili hatasoma ile kitabu."

Kalenga hakukisoma.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa Katanga kujiita nchi. Petro alikuwa amepelekwa kwenye mitambo ya maji kule Mwadingusha, akija nyumbani Jumapili, na Jumapili nyingine barabara zikimzuia. Mimi nilikuwa nikiwaandikia wafanyakazi wa kambi barua, kwa kuwa kila mtu alikuwa na ndugu aliyetawanyika. Wanaume waliingia na makaratasi yao, wakasimama karibu na mlango, wakasema maneno ya kuwaambia mama zao, wakaenda. Sikuona ubaya wowote. Sikujua kwamba kuna mtu anawahesabu.

Asubuhi uchungu uliponianza, askari walikuwa wamefunga njia ya kwenda hospitali. Uliita wanawake: jirani yetu Mama Anna, wengine wawili wa mstari wetu wa nyumba, na wifi yako Yuliana, dada wa marehemu baba mkwe. Mlitandika mkeka chumbani, mkawasha makaa.

Uchungu ule haukuja mbele, mama. Ulikaa mgongoni, chini kabisa, kwenye mfupa, kana kwamba mtu aliye ndani anasukuma kwa vidole gumba viwili akitafuta mlango mahali pasipo na mlango. Haukuachia. Ulipungua tu, ukabaki ukinung'unika, halafu ukapanda tena. Mara ulifuatana karibu karibu hata nikashindwa kumeza mate. Mara ulikaa mbali mpaka wanawake wakaanza kuzungumza bei ya unga. Jua lilipanda, likapita juu ya nyumba, na mimi pale pale. Nilikuwa nikiungojea ule uchungu wa Yosefu, ule niliouandika, nikidhani bila huo mtoto hawezi kuja. Ndipo nikasema kwa sauti, "Huu si uchungu. Uchungu naujua. Huu ni kitu kingine."

Heri nisingesema. Kwetu mtoto anayekawia njiani husemwa amezuiwa na jambo ambalo mama yake amelificha. Mama akimtaja mwanamume aliyelala naye nje ya ndoa, njia inafunguka. Shangazi Yuliana alikuwa akingojea tu mtu afungue maneno, nami nikayafungua kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Ule wa kwanza alipita muzuri," alisema. "Huyu anakatala. Juu ya nini anakatala?"

"Mama Yuliana, acha apumue kwanza," Mama Anna alisema.

"Atapumua akisha kusema. Mutoto wangu, hapa tuko bamama tu. Taja. Banaume banaingia humu na makaratasi kila siku, si tunabaona?"

"Ni barua, shangazi. Ninawaandikia barua."

"Barua ndjo inazuia mutoto?"

Wale wengine hawakumkataza. Mmoja alinishika mkono kwa upole, akaninong'oneza nitaje, itakwisha. Nadhani alinihurumia kweli.

Jambo hili sijawahi kukuambia: jina lilikuwa tayari ulimini. Si kwa sababu lilikuwa la kweli. Lilikuwa la mmoja wa wale wa barua, kijana wa kuchomea vyuma, ambaye mama yake kule kijijini ni kipofu, na ambaye hakuwahi hata kukubali kiti nyumbani mwetu. Jina lake lilinijia kwa kuwa lilikuwa fupi. Niliwaza: nikilisema, wataniacha, na mgongo utaniacha. Sikuwaza juu ya Petro kufika kutoka Mwadingusha akakuta hana mke. Sikuwaza kijana yule wangemfanya nini. Uchungu wa mgongo hauachi nafasi ya kuwaza mbali. Nilifungua mdomo.

Wewe ulikuwa nyuma yangu, ngumi zako mbili zimenikandamiza kwenye mfupa. Ulikuwa umenyamaza muda wote, na kila mtu alidhani kunyamaza kwako ni kukubali, kwa kuwa mwenye haki ya kuniuliza kuliko wote ulikuwa wewe, mama wa mume. Hata mimi nilidhani hivyo. Kisha nikasikia sauti yako juu ya kichwa changu, na ngumi hukuziondoa.

"Yuliana. Petro alitoka hivi hivi. Kwa mugongo, muchana muzima. Kama huyu iko na maneno, minye pia niko na maneno. Muniulize minye kwanza."

Kukuuliza wewe kulikuwa kuuliza kama Petro ni mtoto wa kaka yake Yuliana: Petro mwenye pua ile ile ya familia yao, Petro ambaye Yuliana humsifu mbele ya watu kuliko watoto wake mwenyewe.

"Mulamu, unasema nini weye?" wifi yako aliuliza.

"Nasema uulize. Niko hapa, sikimbii. Uliza, nitaje, halafu utafute mutoto mwingine wa kaka yako wa kukuletea samaki ya bitoyo siku ya mushahara."

Mama Anna alicheka kwanza. Halafu wote wakacheka, hata yule aliyenishika mkono. Shangazi Yuliana aligeukia makaa akaanza kuyapuliza, akisema moshi umemwingia machoni. Nami nikafunga mdomo, jina likarudi lilikotoka.

Ulinipigisha magoti, ukaniegemeza kwenye kiti, mgongo juu, tumbo likining'inia. Uliniambia sikioni, "Usitafute ule wa kwanza. Huyu ni mwingine." Niliacha kuutafuta. Jua lilipoanza kushuka, Kalenga alitoka uso wake umeelekea tumboni kwangu, kama mtu anayekagua mkeka, na Mama Anna akasema ndiyo maana mgongo uliumia, kisogo chake kilikuwa kikisaga mfupa.

Siku chache baadaye ulikuwa ukinikanda tumbo kwa kitambaa na maji ya moto. Tulikuwa wawili tu. Nikakuuliza, "Mama, ni kweli Petro alikuja kwa mgongo?"

Ulicheka mpaka maji yakamwagika. "Nitajua wapi? Ile maumivu muntu anasahau. Ningekumbuka, ningezala tena batoto bane?"

"Na kama wangekuuliza kweli?"

"Wangepata kwa nani jibu? Bwana yangu alisha kufa." Ukakamua kitambaa. Kisha hukucheka tena. "Mi najua weye. Ile inatosha."

Nilisema tu maji ni ya moto sana. Hiyo ndiyo shukrani uliyoipata kwangu, na ukaondoka kwenda kumzika kaka yako kabla sijapata nyingine. Basi ipokee sasa. Ulichukua heshima yako ya mjane, na jina la baba wa mwanao, ukaviweka mbele yangu kwa ajili ya kumbukumbu ambayo hata hukuwa nayo. Mama aliyenizaa alinipenda kwa sababu mimi ni wake. Wewe hukulazimika.

Huyu wa tatu naye alikuja na mambo yake. Kwa siku kadhaa tumbo lilinikaza jioni, gumu kama ngoma, nikaita watu. Nikanywa maji na kulala ubavu, likalegea, watu wakarudi kwao wakinicheka. Kwa hiyo asubuhi mapaja yaliponishika, si tumbo, si mgongo, bali mapaja, nikayadharau nikachukua ndoo kwenda bombani. Shangazi Yuliana alikuwa kwenye foleni.

"Shangazi, miguu hainitaki leo."

Alinitazama usoni akaitupa ndoo yake. Tulifika jikoni tu, chumbani hatukufika. Hakukuwa na kukaza na kuachia, mama; ulikuwa mkazo mmoja mrefu wa kushuka, kama mwili wote unataka kukaa chini, na mtoto akaangukia kwenye kitambaa cha wifi yako huyo huyo wa maneno. Akiwa bado magotini, anahema, alisema, "Huyu hata hakuniachia nafasi ya kuuliza!" Tulicheka sote wawili pale sakafuni. Halafu akaanza kulia. "Mulamu wangu angekuwa hapa," alisema.

Ni yeye aliyetoa jina. Siku ya kumtoa mtoto nje, alisema aitwe Ngoie, jina lako. Wanawake wawili walisema tungoje kwanza habari za kaskazini, tujue kama tunampa jina la mtu aliye hai au la marehemu. Petro aliinamisha kichwa. Shangazi Yuliana akamwinua mtoto mbele ya wote.

"Ngoie ni muzima," alisema. "Kama kuna muntu iko na maneno, aniulize minye kwanza."

Hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo jina lako liko hapa nyumbani, mama, na kila siku linaitwa. Ninapoliita kwa sauti nikiwa mlangoni, Mama Anna bado anageuka kutazama barabara ya stesheni. Nami nageuka naye.

Njoo umwone mwenye jina lako.

Mimi mkwe wako unayemjua,
Mama Yosefu