Jua la Lisbon na Matuta ya Mama

Lisbon, Jumatano. Jua kali, na hasira zangu kali zaidi.

Nianze na jua, maana ndilo pekee ambalo leo halijaniudhi. Ni mwezi wa saba na watu wa hapa wanatembea na kaptula. Nyumbani Sumbawanga mwezi huu upepo unapasua midomo, na mimi, mtoto wa Ufipa, nikisikia Ulaya nawaza baridi tu, kwa hiyo nimebeba masweta mawili na koti zito. Koti limelala kwenye sanduku tangu Jumapili.

Mji ni mzuri, siwezi kubisha. Vilima kila upande, njia za mawe meupe yanayoteleza, nguo zimeanikwa madirishani bila aibu. Mchana nilikula samaki wa kuchoma nje ya mgahawa, watamu karibu kama migebuka ya ziwani kwetu Wampembe, ila hawa wenzetu hawajui ugali. Nakiri nilifurahi. Kwa saa nzima nilisahau kwamba nimekuja kazini.

Halafu nikarudi ukumbini, kwenye mkutano wa kilimo ulionileta huku.

Aliyekuwa anatoa mada ni profesa mmoja wa udongo, mama wa makamo, mpole wa sauti. Akaweka picha ukutani nami nikashtuka. Tuta la mviringo, maharage yameota juu yake. Ntumba! Akaieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi: nyasi zinakatwa, zinapangwa duara, zinafunikwa udongo, maharage yanapandwa juu. Nyasi zinaozea humo ndani. Msimu unaofuata tuta linasambazwa, na mahindi au ulezi vinapandwa kwenye udongo uliokwisha kushiba. Wafipa, akasema, walilijua hili zamani sana. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mimi sikupiga. Mikono ilikataa.

Maana mimi ni bibi shamba. Miaka sita iliyopita mradi wetu ulinituma Msanzi, kijiji anakolima mama yangu, nikawaambie watu waachane na ntumba. Tuliziita kilimo cha kizamani. Tulipita na kamba tukanyoosha mistari, tukapiga picha za ripoti. Wazee walibisha sana, na mimi, ili kuwanyamazisha, nikaanza na shamba la mama. Alisimama pembeni na jembe lake begani huku nikisimamia ng'ombe wa plau wakisawazisha matuta aliyoyafunika kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto kasoma, angesema nini?

Baada yake kijiji kizima kikafuata. Tangu hapo shamba lake halizai bila mbolea ya dukani, na mbolea ikichelewa anavuna mabua.

Wakati wa chai nilijitenga pembeni na kikombe changu. Mratibu wa mradi, bosi wangu tuliyesafiri naye, akaja na kipande cha keki mdomoni.

"Dada, umeona walivyoyapenda yale matuta? Mada yako ya kesho ibadilishe. Weka kwamba ni ubunifu wa mradi, sisi ndio tuliowafundisha wakulima."

Nikamwambia, "Lakini Mratibu, sisi ndio tuliowaambia wayasawazishe."

"Sasa hapa nani anaijua Msanzi?" Akacheka, akaenda kupiga picha kwenye mto unaopita mjini.

Nani anaijua Msanzi! Yaani mtu unamvunjia kitu chake, unamcheka kwamba ni mshamba, halafu unapanda ndege kwenda kukitangaza kuwa ni chako. Na keki mdomoni! Nimezunguka mji mzima kwa miguu, jua linawaka, watu wanakula aiskrimu, mimi naongea peke yangu kama mwehu.

Lakini nikisema ukweli, Mratibu hakuwepo siku ile shambani. Nilikuwepo mimi.

Saa kumi na moja nikampigia mama, kule giza lilikuwa linaingia. Baada ya shikamoo akataka kujua kama huku wanatupikia vizuri. Nikamweleza habari ya picha, ya profesa, ya makofi.

"Kwa hiyo tulikuwa hatukosei?" akauliza.

"Hamkukosea, mama."

"Basi mwanangu, ukirudi uje uwaambie na hawa wa hapa. Maana uliyewaambia waache ni wewe."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nimekaa kwenye kibaraza cha hoteli, jua bado lipo ingawa ni saa mbili usiku, na nimemaliza kutengeneza mada. Ile ya Mratibu sikuiandika. Slaidi yangu ya kwanza ina picha moja tu, niliyoitoa kwenye ripoti yetu ya zamani: shamba la mama likiwa limesawazishwa, kamba imenyooka katikati. Chini yake nimeandika jina langu.

Kesho saa tatu nasimama nayo, Mratibu akiwa kiti cha mbele. Kazi ikiisha kwa hilo, iishe. Naogopa, sitaki kudanganya, lakini hawa wa hapa siwaogopi sana. Watasikiliza, watapiga makofi, wataenda kula samaki wao. Ninaowaogopa ni wale wazee wa Msanzi, ambao nitasimama mbele yao nikitoka huku, mama akiwa amekaa katikati yao, niwaambie kwamba nilikosea.