Njia ya Kituoni Haipindi

Ndugu yangu mpendwa Desmond,

Salamu zikufikie wewe, Kerry na watoto, hapo mlipobanana kwa wakwe. Mgongo wako unaonaje na kile kitanda cha kukunja? Sisi huku Wendlecombe wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika shuka. Mama mzima pia, na ulimi wake mzima zaidi.

Sasa kaa chini. Zile nyumba mia tisa za shamba la Gadd, ambazo nimezihangaikia tangu kampuni ya ujenzi iniajiri, jana baraza limezipitisha.

Unajua tulivyokwama. Kwanza walitukatalia kwa ajili ya mijusi wa bwawani wanaolindwa na sheria, tukawachimbia bwawa jipya. Kisha ikaja ile njia ya miguu inayokatiza shambani hadi kituo cha treni. Wahandisi wetu waliipindisha izunguke nyumba zote, na kijiji kikaja juu, Mama mbele, bango lake dirishani. Huku ananimiminia chai aliniuliza kama nimesahau ni akina nani waliokuwa wakiikanyaga upya kila Oktoba, trekta ikishalima, ili isipotee. Sikuwa nimesahau. Tulikuwa mimi, wewe na Mama, wewe ukilalamika buti zinavuja.

Basi nikawaambia ofisini njia ibaki imenyooka, zisogee nyumba. Bosi wangu, Farrant, akauliza kama nimeajiriwa na kampuni au na mama yangu. Nikamjibu kwamba kampuni hainipikii Jumapili. Tukachora mtaa wote upya, njia ikapita katikati.

Jana Mama akaomba kusema kikaoni. Akasimama na koti lake la kanisani, akasema njia ameridhika nayo, ila zile nyumba za bei nafuu zilizotengewa wenyeji wapewe pia wenyeji waliohama kwa kukosa pa kukaa. Mzee mmoja nyuma akamtania kuwa kampuni imemhonga biskuti. Mama akamwambia anyamaze, biskuti zenyewe za dukani. Kura zikapigwa, sharti lake likaingia, tukapita. Nilimkumbatia Farrant mbele za watu.

Nje nikamuuliza Mama mbona amepinga muda wote huo kisha akageuka. Akakiri kwamba njia ilikuwa nusu tu ya ugomvi. Kilichomuuma ni nyumba zote hizo kujengwa mbele ya dirisha lake, zijae watu asiowajua, na mwanawe asipate hata moja.

Kwa hiyo omba nyumba, Desmond. Mama mwenyewe hatakuambia, anaogopa utakataa. Lakini asubuhi hii nimekuta bango limeondolewa, naye amesimama dirishani anajaribu kukisia paa lenu litaonekana wapi.

Msalimie sana Kerry. Watoto waambie waje na buti zisizovuja, maana Oktoba iko karibu, nalo shamba limeshalimwa.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Bridget